Siku Dorkas Alipogeuza Viti

Mimi ni mtu wa hasira, na sifichi. Nimefundisha shule ya msingi hapa Ulemo miaka thelathini na moja. Ukiwauliza niliowafundisha, watakuambia mwalimu Isaka Mkumbo alikuwa na jibu la kila kitu, na fimbo ya aliyebisha. Kwa hiyo nikisema binti mmoja wa miaka ishirini alinishinda mbele ya watu mia mbili, ujue sisemi kwa kupenda.

Binti huyo ni Dorkas, mtoto wa marehemu dada yangu Elina. Leo, Singida nzima, mtu akiwa na harusi na hataki aibu, anamtafuta yeye. Enzi hizo alikuwa mpwa wangu tu, yeye na dada yake Anastazia, nimewalea mwenyewe baada ya baba yao kwenda zake. Hata kama baba angekuwepo, kwetu Wanyiramba mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Lishike hilo, maana ndipo shughuli ilipoharibikia.

Mwaka 1998 Anastazia alipata mchumba wa Singida mjini. Soko huria lilikuwa limeshatufikia na kila lililokuja na basi watu walilipokea: mitumba, redio za watu binafsi, keki za ghorofa, na hiyo sendofu. Zamani binti tulimuaga nyumbani kwa pombe ya mtama na maneno ya wakubwa. Sasa ikawa kamati, kadi na ratiba. Dorkas alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kidato cha nne, akajitwisha kuiandaa yote.

Alikuwa na daftari. Alizunguka kwenye harusi za watu Kiomboi na Misigiri akiuliza maswali mpaka wapishi wakawa wanamkwepa. Kwa nini keki inakatwa kabla ya chakula? Nani anaamua muziki uzimwe? Kwa nini watu wakichelewa wanachelewa wote kwa pamoja? Tangu mdogo alikuwa hivyo. Darasani nilimkalisha nyuma ili nipumzike.

Siku ikafika. Uwanja wa shule, maturubai, meza kuu yenye kitambaa cheupe, jenereta ya kuazima. Nikaja na koti langu la sherehe, nikatafuta jina langu. Mstari wa tano. Mbele wamekaa diwani, bosi wa bwana harusi na watu wa kamati. Nikajisemea labda mtoto ana mpango wake.

Haukuwepo mpango. Baada ya keki, mshereheshaji akaita upande wa bwana harusi waje kumpokea binti. Kumpokea, na mimi sijafungua mdomo! Baadaye nilikuja kujua ratiba ile aliinakili kutoka sherehe moja ya mjini, na huko mjomba hakuwa na sehemu yoyote.

Nikasimama. Nikabeba kiti changu, nikatoka nje ya turubai mpaka kwenye mlingoti wa bendera, nikakaa juani nikiwatazama. Ukoo wetu ukanifuata, mmoja baada ya mwingine, wengine na soda zao mkononi. Muziki ukazima. Anastazia akaanza kulia, kwa sababu alijua kama wote tulivyojua: nikitoka kwenye ule uwanja bila kusema neno, haolewi.

Wazee wa kamati wakaja kunibembeleza. Nikawaambia warudi wakale. Dorkas hakuja. Hilo ndilo lililonikera na kunishangaza pamoja, nikawa namtafuta kwa macho nione anafanya nini. Alikuwa anafungua waya wa maiki kutoka kwenye nguzo. Kisha akapanda juu ya benchi akawaambia watu wote wasimame, kila mtu ageuze kiti chake kielekee kwenye mlingoti.

Watu mia mbili wakageuza viti. Mstari wa mwisho ukawa wa kwanza. Meza kuu ikabaki nyuma na diwani akawa anatazama visogo. Dorkas akauvuta ule waya mpaka ulipokomea, hatua mbili kutoka nilipokaa, akapiga goti.

"Shikamoo mjomba. Ratiba niliikosea. Mbele ni hapa ulipo."

Nilizipiga zile hatua mbili mwenyewe. Nikaongea dakika arobaini, nikambariki Anastazia, na wakwe walinipigia makofi mpaka nikasahau kwamba nilikuwa nimekasirika.

Sasa ndipo yalipoanza mambo ya vyuo. Matokeo yalipotoka, Dorkas alichaguliwa chuo cha ualimu. Nikafurahi kupita kiasi. Yeye akaniletea fomu tatu na kipande cha gazeti: vyuo vitatu vya watu binafsi, vyote Dar es Salaam, vinafundisha kusimamia shughuli na burudani. Akavipigia mstari vyote vitatu, kisha akaniambia hajui achague kipi, na bila sahihi ya mlezi hakuna kitakachompokea.

"Chuo cha kupanga viti," nikasema. "Hicho nacho ni chuo?"

"Mjomba, siku ile nilibahatisha," akanijibu. "Nataka kujua kama kuna mtu anayejua, asiyebahatisha."

Nikamwambia ualimu unaanza mwezi wa saba, Jumatatu ya kwanza, na asiyefika siku hiyo nafasi yake anapewa mwingine. Hakubisha. Aliinama akaendelea kukisoma kile kipande cha gazeti, na najua alikisoma kila siku, maana karatasi ilichakaa ikawa laini kama kitambaa.

Sasa niungame. Niliviandikia vile vyuo vitatu mwenyewe, bila kumwambia, kwa sanduku la posta la shule. Niliandika hivi: "Binti anaagwa. Katikati ya ratiba mjomba wake amesimama na kuondoka na ukoo mzima. Chuo chenu kinamfundisha mwanafunzi afanye nini?" Nilikuwa natega. Nilijua hawatakuwa na jibu, nami ningempelekea Dorkas zile barua nimwambie, umeona?

Chuo cha kwanza kilijibu kwa taipureta kwamba mgeni anayevuruga ratiba hutolewa na walinzi kwa heshima. Nilicheka peke yangu ofisini. Cha pili kilinitumia kijitabu chenye picha za rangi, vijana wamevaa tai wanatabasamu, na swali langu hakikuligusa kabisa. Nikaziweka zote mbili kwenye droo, nikasubiri ya tatu ili nikamilishe ushindi wangu.

Ya tatu ikachelewa. Ilikuja Alhamisi, siku nne kabla ya ile Jumatatu, imeandikwa kwa mkono na mwalimu wa somo lenyewe, mama mmoja aitwaye Redempta. Ilikuwa fupi.

"Ndugu Mkumbo, sijui. Hapa mjini mjomba hukaa popote na hakuna anayemuuliza. Nimewasomea wanafunzi swali lako na tumebishana siku mbili bila kuafikiana. Kama huyo binti yupo kweli, mlete. Na mjomba naye akiweza kuja siku moja kutufundisha, tutamwekea kiti mbele."

Niliisoma nimesimama, kisha nikakaa nikaisoma tena. Miaka yote ile ubaoni, sikuwa nimewahi kumwambia mtoto kwamba sijui. Mama huyu, mwalimu wa chuo, ameliandika, akatia sahihi chini, wala haoni aibu. Niliona wivu, niseme ukweli. Halafu nikaikunja ile barua nikaitia kwenye mfuko wa koti, na sikumwambia mtu.

Ijumaa ikapita. Jumamosi ikapita. Barua mfukoni, na mimi sili vizuri. Jumapili tulipotoka kanisani, Dorkas akaanza kufunga sanduku lake la ualimu: blanketi, ndoo, jembe walilotakiwa kwenda nalo. Hakununa. Afadhali angenuna. Alikuwa anakunja nguo, akaniuliza kwa upole kabisa, kama anayeuliza saa, "Mjomba, wewe ulijuaje kwamba unataka kufundisha?"

Nikafungua mdomo kumjibu kama nilivyozoea. Nikakumbuka nilivyoanza. Mwalimu mkuu wa zamani alininyooshea kidole mstarini akasema wewe, na mimi nikaenda. Wala sikuwahi kujiuliza.

Nikatoa barua mfukoni nikampa.

Akaisoma taratibu, ameketi juu ya sanduku. Alipofika mwisho hakuruka wala hakupiga kelele. Akaniangalia. "Nani aliyewauliza swali hili?"

"Aliyeondoka na kiti," nikasema. "Imefika Alhamisi. Niliificha."

Nilitegemea alie, au anitukane, ningemsamehe. Kumbe hilo la kufichwa alilipita tu, maana alikuwa na swali ambalo nadhani lilimkaa moyoni tangu siku ya sendofu.

"Mjomba, kama nisingegeuza viti siku ile, ungefanya nini? Ungeondoka kweli, Anastazia asiolewe?"

Nikatazama ule mlingoti wa bendera, unaonekana kutoka barazani kwetu. Nikajaribu kujiona nimesimama pale, juani, na koti langu. Nilikuwa nampenda Anastazia kuliko macho yangu. Na nilikuwa na hasira. Ipi ingeshinda?

"Sijui," nikasema.

Dorkas akashuka kwenye sanduku, akafungua daftari lake, akaliandika neno hilo na tarehe. Nikamwomba kalamu ileile. Nikamwambia alete fomu ya chuo cha yule mama, nitie sahihi.