Spika Zilizopinda

Mume wangu ni fundi spika. Alipanga spika ndogo ishirini wima sebuleni, safu imenyooka. Nikikaa, wimbo mtamu, nikisimama, unafifia. Nikamwambia, "Baba Watoto, ipinde safu, juu irudi nyuma kama mundu. Na za juu zipunguze sauti."

"Umekuwa injinia lini?" akacheka. Lakini aliipinda.

Jana wageni walikaa, wakasimama, wakazunguka. Sauti ilikuwa ileile. "Nani kakufundisha?" wakamuuliza mume wangu. Nilisimama mlangoni na sinia la chai, nikingoja.

"Kichwa changu," akajibu, akinionyesha kwa kidevu. "Mama huyu hata kusoma hajui."

Wakacheka. Wanasema mcheza kwao hutunzwa. Mimi nilimimina chai, nikarudi jikoni. Hata huko wimbo ulinifikia vizuri, kama nilivyotaka.