Mikono ya Kushoto ya Darasa la Tatu

Tusizunguke: Edah Nasimiyu alikuwa na wivu. Si ule wivu mdogo wa kutazama viatu vya mwenzako kanisani ukausahau ibada ikiisha. Wake ulilala naye na kuamka naye, na katika muhula wa pili wa mwaka wa 1988 ulipata raha zaidi, kwa sababu aliyekuwa akionewa wivu alilala chumba hicho hicho, hatua tatu kutoka kitanda chake.

Wote wawili walikuwa wanafunzi wa chuo kimoja cha ualimu upande wa Bungoma, wametumwa kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule ya msingi nje kidogo ya Kitale, ambako mahindi yalipandwa mpaka chini ya dirisha la mwalimu mkuu. Edah alitoka Bokoli. Mwenzake, Chepkemei, alitoka miteremko ya Mlima Elgon, na alikuwa mtu wa kuamka akiimba, jambo ambalo peke yake lilitosha kumkera Edah kabla hata jua halijatoka. Edah alipewa darasa la tatu na Chepkemei la nne. Kati ya madarasa hayo palikuwa na ukuta wa mbao tu, kwa hivyo watoto wa huku walipocheka, wa kule walisikia.

Na wa Chepkemei ndio waliocheka.

Edah hakuwa na nafasi ya kucheka. Mwaka uliotangulia alikuwa ameanguka mazoezi hayo hayo, akarudishwa kuyarudia, na chuo kilimwambia wazi kwamba hakuna mara ya tatu. Akianguka tena, arudi kwao bila cheti. Kule Bokoli baba yake, mzee wa kanisa asiyeficha furaha yake, alikwisha kuwazoesha majirani kumwita binti yake Mwalimu. Edah akifika nyumbani likizo, wanawake sokoni walimwita hivyo hivyo, naye akaitikia.

Mkufunzi aliyekuja kuwakagua aliitwa Mukhisa. Alikuwa mtu mpole, mwenye koti la kijivu na daftari jeusi, na upole wake uliogopesha kuliko ukali wa wengine. Safari ya kwanza aliketi nyuma ya darasa la tatu, Edah akafundisha kugawanya. Aliuliza swali, mikono mitatu ikainuka. Akauliza jingine, mkono mmoja. La tatu alilijibu mwenyewe. Mukhisa aliandika katika daftari kwamba andalio la somo ni safi lakini darasa limelala. Kisha akaenda kwa Chepkemei, na alipotoka huko alikuwa akitabasamu, hata akamwambia mwalimu mkuu, Bwana Mbugua, kwamba ameona jambo la kufurahisha. Bwana Mbugua akalirudia ofisini wakati wa chai. Edah aliweka kikombe chini kikiwa bado na chai nusu.

Siku mbili baadaye alitumwa chaki, akapita makusudi chini ya dirisha la darasa la nne. Alichungulia. Chepkemei alikuwa ameuliza swali, na mikono yote ilikuwa juu. Yote, mpaka ya wale wa dawati la mwisho ambao kila shule inao. Mingine ilikuwa ya kulia, mingine ya kushoto.

Hapo Edah akaona amegundua siri. Kule chuoni, bwenini, kulikuwa na ujanja ambao wanafunzi wa mwaka wa pili waliwarithisha wa mwaka wa kwanza: unawafundisha watoto kwamba anayejua jibu ainue mkono wa kulia, asiyejua ainue wa kushoto. Mkaguzi akija, anaona msitu wa mikono. Wewe unachagua wa kulia peke yao, na kila jibu ni sahihi. Edah hakuwahi kuutumia. Sasa alisimama pale na kisanduku cha chaki, damu ikimchemka, akisema moyoni kumbe ndivyo, kumbe yule mwimbaji ni laghai tu. Angesimama dakika mbili zaidi angesikia kilichofuata mle ndani. Lakini yeye alitosheka na mikono, akaenda zake.

Unadhani aliona haya akaachana na ujanja huo? Aliwafundisha watoto wake siku hiyo hiyo. Aliwafanyisha zoezi, kulia, kushoto, kulia, kushoto, kama askari, mpaka wakashika. Watoto waliupenda mchezo huo. Asiyejua kitu hakuulizwa tena wala kuchekwa; aliinua mkono wake wa kushoto akaachwa kwa amani.

Safari ya pili ya Mukhisa, darasa la tatu liliamka. Mikono arobaini juu, majibu yote sawa. Mukhisa aliandika kwamba kuna maendeleo makubwa. Edah angeridhika, na ingekuwa haki yake kuridhika, kama mtu huyo angepanda baiskeli yake akaenda. Lakini alipitia darasa la nne, akamkuta Chepkemei anafundisha kugawanya kwa pakiti tupu za maziwa ya Nyayo, yale ya bure ya shuleni, zile za pembe tatu, ambazo alikuwa ameziosha na kuzikausha juu ya ua. Watoto walizipanga mafungu mafungu sakafuni. Mukhisa alizichukua pakiti kumi na mbili, akasema anazipeleka chuoni wengine wazione.

Pakiti za maziwa! Edah mwenyewe ndiye aliyekuwa akilalamika kwamba zinanuka chumbani.

Alijitolea kumsindikiza mkufunzi mpaka barabarani. Mukhisa alikuwa akisukuma baiskeli, naye Edah akienda kando yake, na maneno yakamtoka yenyewe. Alisema hapendi kumchongea mwenzake, ila dhamiri inamsumbua. Akamweleza habari ya mikono ya Chepkemei. Na kwa kuwa Mukhisa alionekana haelewi vizuri, akamfafanulia hatua kwa hatua: wa kulia maana yake nini, wa kushoto maana yake nini, mwalimu anachagua vipi, na mkaguzi afanye nini akitaka kuubaini. Alieleza vizuri kuliko alivyowahi kueleza somo lolote. Mukhisa alisikiliza mpaka mwisho, akasema asante, akapanda baiskeli.

Edah alirudi akijihisi mwepesi. Wepesi huo ulidumu mpaka langoni. Alipoona paa la darasa lake ndipo alipokumbuka kwamba ujanja aliouchongea ulikuwa umejaa humo ndani, watoto arobaini wazima.

Akaanza kuufuta. Kila asubuhi kwa wiki nzima aliwaambia watoto kwamba mchezo umekwisha, kwamba ni mkono wa kulia tu, na ni kwa anayejua. Wakaitikia ndiyo mwalimu. Akauliza swali, mikono ya kushoto ikainuka kama kawaida. Alikaripia. Wengine wakaacha kuinua kabisa, wengine wakainua yote miwili ili wasikosee. Mtoto wa miaka minane akifundishwa kitu kinachomwondolea aibu hakiachi kwa sababu mwalimu amebadilisha nia. Chumbani Chepkemei aliona mwenzake hali chakula, akamuuliza kama anaumwa. Edah akasema ni baridi ya Kitale.

Jumanne ya ukaguzi wa mwisho Mukhisa alianza darasa la nne. Aliketi huko kipindi kizima. Kisha akaja la tatu, akachukua kiti, akafungua daftari. Edah aliandika kumi na tano kugawanya kwa tatu, akauliza, huku akiomba Mungu.

Mikono ikainuka. Kumi na minane ya kushoto. Aliihesabu bila kutaka. Akamchagua wa kulia, jibu likawa sawa. Akauliza tena, akachagua wa kulia. Mukhisa akasimama nyuma, akaomba radhi, akamwelekea msichana mdogo aitwaye Chemutai ambaye mkono wake wa kushoto ulikuwa umenyooka vizuri kabisa. Akamuuliza jibu ni ngapi.

"Sijui, mwalimu," Chemutai akasema.

"Sasa mbona umeinua mkono?"

"Hii ni ya kushoto. Ya kushoto ni ya wale hawajui." Kisha, kwa kuwa alikuwa mtoto mwema na alitaka kumsaidia mgeni, akaongeza, "Wewe uliza wale wa kulia."

Mukhisa hakumkemea Edah mbele ya watoto. Alingoja kengele, akamwita nje, karibu na tangi la maji.

"Kwa mwenzako nimekaa kipindi kizima nikitafuta mkono wa kushoto," alisema. "Niliuliza wa kulia, nikauliza wa kushoto. Kule mtoto akiinua mkono wowote, ni kujibu ama ni kusema amekwama wapi, na wengine wanamkwamua. Hakuna ujanja. Lakini hapa nimeuona, na ni vile vile ulinieleza."

 Edah alitamani Chepkemei awe na kosa, hata dogo, hata sasa. Mukhisa akasema angeweza kumwangusha papo hapo. Badala yake angerudi Alhamisi, kipindi hicho hicho, somo hilo hilo, na Edah angefundisha wale kumi na wanane wa mkono wa kushoto peke yao. Wakielewa, amepita. Wasipoelewa, amekwenda nyumbani.

Ilimbidi amwendee Chepkemei. Hilo ndilo lililomuuma kuliko tangi la maji na kuliko daftari jeusi. Alimwambia ameshikwa na ujanja wa mikono, ila habari ya barabarani hakuigusa. Chepkemei hakucheka wala hakuuliza mengi. Jumatano baada ya masomo walikaa sakafuni katika darasa tupu na pakiti za maziwa, Chepkemei akajifanya mtoto asiyeelewa, na Edah akajifunza kuuliza, "Umekwama wapi?" kisha anyamaze. Kunyamaza kulimshinda mara nyingi. Alikuwa mtu wa kujibu maswali yake mwenyewe.

Alhamisi wale kumi na wanane waligawanya pakiti sakafuni, polepole mno. Chemutai alikosea mara mbili, akasema amekwama kwenye zinazobaki, mwenzake akamwonyesha, akapata. Mukhisa alimpa Edah alama ya chini kabisa ya kupita. Chepkemei alipata ya juu. Edah alifurahi kwa muda wa kama nusu saa, halafu akaanza kulinganisha.

Ijumaa walikuwa wakifunga mizigo, Edah akikunja shuka, Chepkemei akiimba. Chepkemei akakatiza wimbo.

"Edah, unajua kuna mtu alinichongea kwa Mwalimu Mukhisa? Ati mimi ndio nafundisha watoto kudanganya na mikono. Jumanne aliniuliza kama nashuku mtu."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia sijui ni nani. Lakini kuna mtu mmoja naweza kuapa si yeye, ni huyu tunalala chumba moja. Akaniangalia tu."

Edah alimtazama usoni akitafuta mzaha, au kisu. Hakukuwa na chochote. Chepkemei alikuwa amekwisha kurudia wimbo wake na kutafuta sidiria chini ya kitanda.

Miaka kumi baadaye Edah alikuwa mwalimu wa miaka mingi kule Lwakhakha, na darasani kwake mtoto asiyejua ndiye aliyesikilizwa kwanza. Wageni walimsifia hilo. Alikuwa bado na wivu, wa nyumba za watu na wa waume za watu, na alijua namna ya kuumeza. Ila ule wa Ijumaa hiyo haukumezeka. Alimwonea Chepkemei wivu kwa sababu aliweza kumwapia mtu bila kumshuku, kisha akaimba.

Siku ile ya kufunga mizigo alilikunja shuka lile lile mara tatu. Mdomo ulifunguka aseme kwamba ni yeye. Akasema shuka limekauka vizuri.