Ganda Kuukuu Katika Tope Changa

Kazi yangu ni kuyapa matope umri. Meli za utafiti huchoronga sakafu ya bahari na kutuletea udongo katika mifuko midogo, kila mfuko umeandikwa kina ulikotoka. Nauosha kwenye chujio lenye matundu madogo mno mpaka tope lote liondoke, naukausha, kisha nautandaza kwenye trei nyeusi chini ya hadubini. Kilichoonekana kama vumbi jeupe kinakuwa maganda. Ni maganda ya viumbe wadogo walioelea juu ya bahari, wakafa, wakazama, wakafunikwa na matope. Kila aina ilikuwa na zama zake: ilitokea, ikaishi, ikatoweka isirudi tena. Kwa hiyo ukijua nani kalala na nani, utajua tope lile lililala lini.

Sina subira na mtu anayesema "zamani sana" halafu akaridhika. Zamani ipi? Wenzangu wa maabara hunitania kwamba hata nikipewa chai nitauliza ilichemka lini. Tabia hiyo ndiyo iliyonipa kazi, na ndiyo iliyonifanya nimkosee baba yangu akiwa tayari kaburini.

Likizo moja, baba angali na nguvu zake, nilimletea nyumbani Nyarero slaidi moja na lenzi ya mkononi. Alikaa kwenye kigoda mlangoni, akageukia jua, akafumba jicho moja.

"Hizi ni punje za ulezi," akasema.

"Ni maganda, baba. Kila moja lilikuwa na mwenyewe ndani."

"Na umri wao umeujuaje? Hawa hawana cheti."

Nikamweleza jinsi tunavyowatambua kwa wenzao waliolala nao. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akacheka.

"Kumbe ni esaro tu."

Esaro kwetu Wakurya ni kundi la waliotahiriwa msimu mmoja. Kundi hupewa jina, na mtu huzeeka na jina hilo. Wazee wengi wa umri wa baba hawakuandikwa popote walipozaliwa, kwa hiyo ukitaka kujua miaka ya mmoja wao huulizi mwaka. Unauliza esaro yake, unamtafuta mwenzake aliyeandikwa, halafu unahesabu kurudi nyuma. Nikamwambia baba kwamba ndivyo hasa tunavyofanya na maganda.

Hapo akauliza swali ambalo nalikumbuka neno kwa neno.

"Na kama yumo mmoja aliyekutwa na wadogo zake?"

Nilimjibu kwa kiburi cha msomi. Nikasema wapo wa namna hiyo. Mkondo wa maji hufukua ganda la kale kutoka tabaka lake na kulilaza katika tope changa, kati ya wasiokuwa wenzake. Lakini anayeijua kazi hadanganyiki, kwa sababu ganda hilo huwa limesuguka, limechakaa, na rangi yake imekataa kufanana na ya jirani zake. Ukilitazama vizuri, lenyewe litakuambia.

"Ukilitazama vizuri," baba akarudia. Akanirudishia lenzi, akaenda kuwafungulia ng'ombe.

Alifariki miaka michache baadaye. Tulipokubaliana siku ya kuweka msalaba kaburini, kaka zangu waligawana kazi za saruji, hema na ng'ombe wa kuchinja. Mimi nikaachiwa maandishi. "Mambo ya miaka ni yako, mwenye matope," wakasema. Nikafurahi. Esaro ya baba ilijulikana na kila mtu. Nilikwenda Gorong'a kwa wazee wawili wa esaro hiyo, na mmoja wao alikuwa amebatizwa utotoni, akaandikwa kwenye kitabu cha kanisa. Mwaka wake nikampa baba. Fundi wa Tarime mjini akauchora kwenye bamba jeusi, tarakimu nne zilizonyooka, na nilipolipokea nilijisikia kama mtoto aliyefanya jambo la maana kwa baba yake.

Baba mkubwa, kaka yake baba wa tumbo moja, alihamia Kisaka upande wa Serengeti tangu sijazaliwa. Alifika siku ya msalaba asubuhi, akichechemea na fimbo yake. Baada ya sala aliinama, akapitisha kidole chini ya mwaka wa kuzaliwa, tarakimu moja baada ya nyingine. Hakuharakisha.

"Nani ameandika hapa?"

"Mimi, baba mkubwa."

Akajiinua kwa fimbo yake. Chakula kilikuwa kimeshapakuliwa, ugali wa ulezi na nyama, na yeye ndiye aliyesubiriwa kunawa wa kwanza. Akasema ameshiba. Akaokota kofia yake, akapita katikati ya watu mpaka barabarani. Kwa mkubwa wa ukoo kuondoka bila kula kwenye mji wa mdogo wake siku kama ile, hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Wageni walikula wakinong'ona. Mama, ambaye alikuwa amejikaza tangu asubuhi, akaanza kulia upya.

"Mfuate," akaniambia jioni ile. "Asipokula hapa, baba yako hatujamweka vizuri."

Kesho yake nilikwenda Kisaka. Njia nzima nilikuwa na hasira. Nilijiandaa kumwonyesha daftari langu, jina la mzee wa Gorong'a, kitabu cha kanisa, hesabu yote. Nilimkuta amekaa nje anachonga mpini wa jembe. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa. Nikasoma hesabu yangu yote. Akaniacha nimalize.

"Mimi na baba yako ni esaro moja," akasema. "Hilo hukulijua?"

"Nalijua, baba mkubwa."

"Na mimi ndiye mkubwa. Hukujiuliza?"

"Nilidhani mmepishana kidogo tu."

"Kidogo!" Akaweka mpini chini, akakunja suruali mpaka gotini. Mguu ulikuwa mwembamba, na kwenye muundi palikuwa na kovu lililozama hadi karibu na mfupa. "Mwiba ulinichoma nikichunga. Donda likala mpaka ndani. Msimu wa kutahiriwa ukaja, wazee wakasema huyu hawezi kusimama mbele ya kisu. Ukaja mwingine, wakasema vilevile. Na kwetu mdogo hatangulii mbele ya kaka yake. Unalijua hilo?"

Nikasema nalijua.

"Wakamwita baba yako. Wakamwambia wewe pita, tutachinja mbuzi, tutamwondoa huyu njiani. Akakataa. Akasema akinipita, mimi nitabaki mtoto mpaka nife. Miaka saba, mwanangu. Wenzake wakaoa. Yeye anachunga ndama na watoto. Anaimbwa kwa dhihaka. Binti aliyemtaka akaolewa Gorong'a hukohuko ulikokwenda kutafuta miaka yako. Siku mguu ulipoweza kunibeba tulisimama wote wawili. Baba yako alikuwa na ndevu! Wale waliosimama naye walimfika hapa." Akagusa kifua chake. "Wewe umemwandika rika moja na wale watoto. Ile miaka aliyoningoja umeifuta."

Nilikuwa nimeshika daftari, nikalifunga. Niliyakumbuka yote kwa mkupuo: watu wa esaro yake walivyomwita "mzee" kwa utani, nami nikidhani ni jina tu, picha ya kanisani ambapo nywele zake ni nyeupe na zao zingali nyeusi, meno yake, mgongo wake, jinsi alivyochoka kabla yao na kufa kabla yao. Alama zote zilikuwepo. Ganda moja la baharini huligeuza kwa ncha ya brashi hata nusu saa kabla sijaliamini. Baba yangu sikuwahi kumpa nusu saa hiyo. Na aliniuliza mwenyewe, pale mlangoni, na lenzi mkononi. Nililia mbele ya baba mkubwa bila kuona haya.

Nilipotulia nikafungua tena daftari. "Basi nitaongeza ile saba," nikasema. "Nikiiondoa kwenye mwaka huu..."

"Acha kuhesabu," akanikatiza. "Mwaka aliozaliwa siujui. Hata mama yetu hakuujua. Ninayoijua mimi ni ile miaka ya kungoja."

Maabara tunayo kanuni ya mfuko usiokuwa na ushahidi wa kutosha. Unauachia nafasi wazi, wala si aibu. Nimewafundisha vijana wengi kanuni hiyo. Kwa baba yangu niliona aibu kuacha nafasi wazi, nikaijaza kwa mwaka wa mtu mwingine.

Fundi wa Tarime mjini alishangaa nilipoagiza bamba la pili. Nilimwambia aandike jina, na siku aliyofariki. Mwaka wa kuzaliwa asiandike. Chini yake aweke maneno matatu: Alimngoja kaka yake. Akaniuliza kama nina hakika kwamba hilo ndilo linaloandikwa kaburini. Nikamwambia la kwanza ndilo nililokuwa na hakika nalo, na lilikuwa na makosa.

Hatukuita watu. Kaka zangu walibandua bamba la zamani kwa patasi, wakakoroga saruji kidogo, wakabandika jipya. Nilikuwa nimemtumia baba mkubwa ujumbe, na sikujua kama angekuja. Alikuja mchana, peke yake. Hakutusalimia, alipitiliza hadi kaburini. Akainama, akapitisha kidole chini ya maneno, herufi moja baada ya nyingine, mpaka mwisho. Kisha akaketi chini pale pale kwenye udongo, ubavuni mwa mdogo wake, akaunyoosha ule mguu.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani.

"Shemeji," baba mkubwa akamwita. "Sasa leta kile chakula."