Wekundu Nilioufuata Kirongwe

Sauti ninayoikumbuka mpaka leo ni ya kiganja cha mama kikipita ukutani. Shwaa, shwaa, kinasimama, halafu shwaa tena. Alikuwa anatoka chumbani kwenda bafuni alfajiri, anapapasa ukuta wa nyumba aliyoijenga mwenyewe, na mimi nimelala nasikiliza. Siku ya kwanza nilidhani ni paka. Siku ya tatu nikajua.

Sukari ilikuwa imempanda machoni. Jicho la kushoto lilishaondoka, la kulia lilikuwa linafuata, na daktari alimwandikia sindano ya jicho kwa sharti moja: presha itulie kwanza. Mama si mtu wa kulalamika. Asubuhi moja tunakunywa chai hapo nyumbani Mbagala, akanyoosha kidole.

"Zai, kile chekundu si kifuniko cha chupa ya chai?"

"Ndicho, mama."

"Basi hicho nakiona. Vingine vyote moshi, lakini hicho kimesimama."

Mimi kazi yangu ni kupiga picha za pasipoti kwenye studio ndogo karibu na stendi. Shule niliishia kidato cha pili, ila ndoto sikuishia popote. Kila siku naziona picha zangu zimetundikwa kwenye ukumbi mkubwa, watu wanapita mbele yake na viatu vizuri. Siku ile ndoto ikapata kazi ya kufanya. Kama jicho la mama linapokea wekundu tu, nitakwenda kwao Mafia, kule Kirongwe alikozaliwa, nimpigie kila chekundu nitakachokikuta, nichapishe kwenye makaratasi makubwa, apaone kwao kabla giza halijafunga. Nilipomwambia alicheka mpaka akakohoa. Kisha akasema taratibu, "Na dada yangu je? Mpige amevaa kanga nyekundu, nimwone. Miezi miwili sasa hata simu hanipigii. Sijui nimemkosea nini."

Kaka yangu Shabani, ndiye mkubwa wetu, hakuipenda safari. "Kirongwe kuna nini cha haraka? Subiri mama achomwe sindano." Nikadhani anaogopa nitaharibu kamera ya watu.

Jumatatu, saa kumi na moja alfajiri, nikaondoka na kamera ya studio pamoja na kile kitambaa chekundu tunachowatundikia maharusi nyuma yao wanapokuja kupigwa picha. Bosi aliniapisha kwa vyote viwili. Basi lilituchukua kutoka stendi ya Rangi Tatu mpaka Nyamisati chini ya mvua ya vuli, ile isiyonyesha ikaisha wala kuacha. Nilikaa dirishani kutafuta chekundu, nikaona kijivu tu, na ng'ombe mmoja kalowa.

Nyamisati, saa nne. Meli ilikuwa inangoja maji yajae. Nikaanza na maboya ya kuokolea, yamening'inia ubavuni mwa meli kama bangili. Mama mmoja aliyekuwa anakula ubuyu, midomo imeiva rangi, akanitazama.

"Mwanangu, unalipiga picha boya? Kwani una habari gani sisi hatuna?"

Watu wakacheka. Nikamweleza habari ya mama yangu. Akaacha kutafuna, akatoa ulimi wote nje, mwekundu kama wa mtoto. "Basi mpelekee na huu. Mwambie nimemsalimu." Ndiyo picha yangu ya pili.

Baharini hakukuwa na cha kupiga. Maji na mbingu vilikuwa rangi moja, ya sufuria lisilosuguliwa. Nikawaza kwamba mama kila siku anasafiri hivi, bila pwani.

Kilindoni, saa tisa na nusu. Mnadani pale ufukweni muuza samaki mmoja akaniona nahangaika na changu wake, akamnyanyua na kumfunua shavu kwa kidole gumba. "Piga humu ndani, kwenye matamvua. Nje samaki anaweza kukudanganya." Yalikuwa mekundu kiasi kwamba nilisahau kubonyeza. "Na ufanye haraka," akasema. "Ukirudi magharibi utayakuta rangi ya udongo. Wekundu huu hauna subira."

Nikapiga mara nne.

Kirongwe nilifika kwa bodaboda, nguo zimeganda mwilini. Kwa mama mkubwa napajua, nilikuja nikiwa mdogo: minazi mbele, mikorosho nyuma, na barazani sikuzote mikeka yake ya rangi inakauka. Safari hii baraza ilikuwa tupu. Nikapiga hodi. Akatoka Hawa, binti yake, rika langu. Akanikumbatia muda mrefu kuliko nilivyotegemea, akanishika mkono na kunipeleka chumba cha ndani.

Mama mkubwa Mwanaisha alikuwa amekaa kwenye mkeka usio na rangi hata moja. Juu mpaka chini amevaa nyeupe, hana hereni, hana hina, hana wanja. Sikuhitaji kuambiwa. Nimekulia pwani, kizuka namjua nikimwona. Alikuwa amekaa eda ya kufiwa na mume.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba." Akanipisha mkekani. "Umefika. Mama yako ndiye kakutuma?"

"Ndiye."

"Baada ya miezi miwili."

Akanitazama vizuri, na nadhani uso wangu ulimweleza. "Zai," akasema kwa sauti nyingine kabisa, "baba yako mkubwa Hamisi tumemzika. Tulimpigia Shabani siku ileile. Hakukwambieni?"

Nililia mpaka Hawa akaniletea maji. Baba mkubwa Hamisi ndiye aliyenifundisha kupiga mluzi. Miezi miwili yuko ardhini, na mimi nilikuwa nasema nitamletea miwani ya jua.

"Kwa hiyo Somoe hajui," mama mkubwa akasema. Somoe ni mama yangu.

"Hajui. Anauliza amekukosea nini."

Akachukua pindo la ile nguo nyeupe akajifuta, kwanza jicho hili, kisha lile. "Na mimi nimekaa humu nauliza hivyohivyo. Naihesabu simu ya pole, haiji. Nikasema, mdogo wangu Dar imemla."

Nikampigia kaka hapohapo. Hakukana. "Daktari kasema presha isipande. Ningefanyaje? Na wewe ningekwambia vipi, mdomo wako hauna mlango. Usimwambie, Zai. Macho kwanza." Mama mkubwa alisikia, maana simu yangu spika yake ina kelele. Akatikisa kichwa kukubali. "Shabani kasema kweli. Macho kwanza."

Jumanne, asubuhi, akanifukuza nyumbani. "Nenda kapige vyekundu vyako, wacha kunitazama kama maiti ni mimi." Nikazunguka na Hawa. Mikorosho ilikuwa imezaa, na mabibo mekundu yametapakaa chini kwenye majani yaliyolowa, mengine yamepasuka na harufu yake inakaba. Kwenye ua la mgomba tulimkuta chozi, kale kandege kadogo, kifua chake chekundu. Pwani kwenye mikoko, maji yalipotoka, kaa wadogo wekundu wakajaa topeni, ukisogea wanapotea wote mara moja kama waliosikia jina la polisi.

"Wageni wanakuja Mafia kupiga papa potwe," Hawa akasema, amesimama na mwavuli juu ya kamera, siyo juu yangu. "Wewe umekuja kupiga mabibo. Tena yaliyooza."

"Si papa wenu hana rangi."

"Hana, maskini. Hajapata mpiga picha kama wewe."

Tukacheka, tukakumbuka tumetoka wapi, tukaacha.

Jioni ile nikaona darini fungu la ukindu uliotiwa rangi nyekundu, limefungwa na kuachwa. Hawa akaniambia mama yake alilitia rangi asubuhi ya siku aliyofariki baba. Ulikuwa uwe mkeka wa kuuza. Tangu hapo anasuka mweupe tu, si kwamba kakatazwa, anasema mkono unakataa.

Jumatano nilitakiwa kuondoka, na picha ya dada mtu sikuwa nayo. Kanga nyekundu nisingeweza hata kuitaja. Nikamweleza mama mkubwa jinsi jicho la mama linavyofanya, kwamba ukivaa nyeupe kwake wewe ni moshi ndani ya moshi. Akasikiliza. Ndipo nikakumbuka kazi yangu. Mteja akija na shati jeupe hatumwambii avue, tunabadilisha kitambaa cha nyuma.

"Mama mkubwa, hutavaa kitu. Nitakitundika ukutani tu."

"Nani ataiona?"

"Mama peke yake."

Akakubali. Hawa akatundika kitambaa cha maharusi kwa misumari ya chandarua. Mama mkubwa akakaa mbele yake, mweupe, mabega yameshuka, wekundu umemzunguka pande zote. Kabla sijabonyeza akasema, "Mimi simwambii, wewe humwambii. Haya, piga." Sikumwelewa. Nilikuwa naangalia mwanga.

Wakati wa kuagana alinipa lile fungu la ukindu. "Litakuwa na kazi kwenu. Hapa linanitazama."

Njia ya kurudi sina la kusimulia. Mvua ilikuwa ileile.

Ijumaa, alasiri, nikampa mama makaratasi moja moja. Aliyashika karibu kabisa na jicho, karibu yaguse pua. Ulimi wa yule mama wa Nyamisati ulimchekesha. Matamvua aliyajua. Kwenye mabibo alikaa sana, akanusa karatasi, nikageuka nitazame pengine. Mwisho nikampa ya dada yake.

Akapitisha kidole taratibu pale wekundu ulipoishia na weupe ulipoanzia. Kichwa. Shingo. "Bega la kushoto limeshuka. Huyu dada." Kidole kikazunguka chote, kikarudi kilipoanzia. "Kavaa nini, Zai?"

Ningeweza kusema kanga ya njano. Yeye asingejua. Lakini alikuwa ameshanigeuzia uso, jicho lile moja linanitafuta na linakosea, linatazama sikio langu.

"Nyeupe, mama."

"Nyeupe na nini?"

"Nyeupe tu."

Akaiweka karatasi mapajani. Nje muuza maji alikuwa anagonga madumu. "Hamisi amefariki lini?" akauliza.

Nikapiga simu, nikamwekea sikioni. Kisha mama akasema, "Dada, pole. Nimechelewa," na upande wa pili nikasikia mama mkubwa analia kama aliyekuwa ameshika pumzi miezi miwili.

Presha ilipanda. Kliniki walimrudisha, wakasema wiki tatu, na kaka hakusema nami zote tatu. Sindano alichomwa baadaye, jicho likabaki pale lilipokuwa limefika. Sasa kifuniko cha chupa ya chai anasema ni rangi ya kahawa. Lakini kila Ijumaa wanaongea, na mama mkubwa akimaliza eda ameahidi kuja. Ninyi mnaosoma msiniulize kama nilifanya vizuri. Nilichojifunza ni kidogo: nilikwenda kumletea mama rangi, na kumbe alichokuwa anakingoja ni habari, na mimi sikujua kuvitenganisha. Mpaka leo nikitoa picha nzuri studio nahisi raha, halafu naiogopa.

Jana mchana mama alikuwa amelala na kaka hajarudi kutoka kazini. Nikalifungua lile fungu la Kirongwe. Nikasuka ukili mwembamba, ule mkanda wa kushonea mkeka, haukunyooka sana, nikaupigilia misumari midogo ukutani kutoka mlango wa chumba chake mpaka bafuni, usawa wa kiganja chake. Pale kwenye ngazi ya kushukia bafuni nikafunga fundo la kumwonya. Kisha nikarudi mlangoni, nikafumba macho, nikaweka kiganja ukutani na kutembea mpaka nilipoligusa.