Moto wa Kuomba

Moto wa Xaveria haukuwahi kuzimika tangu alipoolewa. Mama mkwe wake alimkabidhi makaa ya kwanza kwenye kigae, akamwambia kwamba mke anayelala bila kufukia moto wake ataamka na aibu, na Xaveria akalishika neno hilo kuliko alivyoishika katekisimu. Kila jioni aliyafukia makaa kwa majivu, na kila alfajiri aliyafukua yakiwa bado mekundu. Mumewe Protase akafa. Mwanawe wa pekee, Rwegoshora, akavuka kwenda Uganda kutafuta kazi kwenye mashamba ya pamba, kama vijana wengi wa Karagwe miaka ile. Moto ukabaki. Kwa hiyo pale kilimani kwao Ndama, ambako kiberiti kilikuwa kitu cha mapadri na wenye maduka, kila mtu aliijua nyumba ya kuombea moto.

Mwombaji mkubwa alikuwa Kokushubira, jirani wa upande wa pili wa migomba. Kokushubira alikuwa na mume, mkaza mwana, wajukuu na kelele za kutosha, na katika watu wote hao hapakuwa na hata mmoja aliyekumbuka kufukia moto. Basi asubuhi, umande haujakauka, alikuja na kigae chake.

Hapo ndipo mateso ya Xaveria yalipoanza, na ninasema mateso kwa kuwa yeye mwenyewe aliyaita hivyo. Kokushubira hakupiga hodi kama watu. Alianza maongezi akiwa bado migombani, hivyo alipofika mlangoni habari ilikuwa imefika katikati na mwenye nyumba hajui nani kafa. Akishaingia alichuchumaa mekoni, akachagua kaa kubwa kuliko yote, lile la katikati, akalipuliza kwa mashavu yote mpaka majivu yakapanda na kutua kwenye chungu cha ndizi. Kisha akakaa. Mgeni haondoki hivi hivi. Xaveria alimletea kahawa za kutafuna kwenye kikapu kidogo, kama adabu ilivyotaka, na Kokushubira akatafuna na kudondosha maganda juu ya majani mabichi ambayo Xaveria alikuwa ameyakata bondeni na kuyatandika sakafuni kwa mgongo wake unaouma. Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema. Aliyesema hivyo hakuwa jirani wa Kokushubira.

Na alipoaga hakwenda. Alisema, "Haya waitu, jirani yangu, nakwenda," akasimama mlangoni, nusu ndani nusu nje, mlango wa matete ukiwa wazi na mbuzi wakichungulia. Hapo, kila siku ya Mungu, aliuliza swali lake la mwisho.

"Mama Rwegoshora, kijana hajaleta habari?"

"Bado."

"Ataleta."

Akaenda, na mlango hakuufunga.

Xaveria aliweza kuvumilia majivu. Maganda ya kahawa aliyaokota moja moja, akinung'unika. Lakini swali lile lilimchoma. Tangu Rwegoshora aondoke alikuwa ameleta kitu mara moja tu, kitambaa cha kichwa kilicholetwa na msafiri wa Kamuli ya huku huku Karagwe aliyekuwa akirudi kwao, na msafiri mwenyewe hakuwa na maneno ya kuongeza. Baada ya hapo, kimya. Kusema "bado" kila asubuhi kulikuwa kama kumzika mtu kidogo kidogo. Usiku Xaveria aliomba kwa ajili ya mwanawe, halafu akaomba pia Kokushubira apate hekima ya kufukia moto. Dua zote mbili hazikujibiwa.

Vita vya Wazungu vilipokwisha, bidhaa zikaanza kurudi madukani. Siku moja Xaveria alikwenda Kayanga kununua chumvi, akaona viberiti vimepangwa juu ya meza ya mwenye duka. Alisimama mbele ya meza akitabasamu peke yake. Alirudi nyumbani na chumvi kidogo kuliko alivyokusudia, na kiberiti kimoja kimefungwa kwenye pindo la kanga.

Kesho yake Kokushubira alipofika, akiwa katikati ya habari ya ndoa ya mtu wa Kituntu, Xaveria hakumsogezea kiti. Alimpa kiberiti.

"Chukua, ni chako. Sasa huna haja ya kusumbuka kila asubuhi."

Kokushubira alikitazama. "Chote?"

"Chote. Na jambo jingine, jirani. Habari za mwanangu usiniulize tena. Siku atakapoleta neno nitapiga vigelegele, kilima kizima kitasikia. Hutapitwa."

Alikuwa ameyapanga maneno hayo njia nzima kutoka Kayanga, na yalitoka vizuri kama alivyoyapanga. Kokushubira alipiga magoti, akakipokea kiberiti kwa mikono miwili, akashukuru. Kisha akachukua kigae chake kitupu, akatoka, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane akaufunga mlango nyuma yake.

Siku za mwanzo Xaveria alizifurahia kweli. Majani ya sakafuni yalikaa mpaka yakakauka bila ganda hata moja. Kaa la katikati lilibaki katikati. Alikula ndizi zisizo na majivu, akajiambia kwamba amechelewa sana kuwa na akili. Lakini mtu aliyezoea kukereka hakosi cha kumkera. Alianza kumchukia jogoo kwa kuwika, akalichukia tone la mvua lililoanguka mahali pale pale chini ya upenyo wa paa. Jogoo akamchinja, paa akaliziba. Kisha hapakuwa na kitu.

Ilikuwa kimya kweli kweli. Akiwa mezani pa Bwana Jumapili alikuwa Xaveria tu, jina la ubatizo. Watoto wa njiani walimwamkia, "Shikamoo bibi," wakapita mbio. Kokushubira walipokutana nje ya kanisa alimsalimu kwa heshima zote, akauliza afya, akauliza shamba, akapita. Hakudondosha chochote. Xaveria alirudi nyumbani na jambo likimsumbua asilijue, na alipokuwa akimenya ndizi za jioni ndipo lilipojulikana: hakuna mtu aliyekuwa amemwita Mama Rwegoshora tangu siku ya kiberiti. Katika kilima kizima lile jina lilikuwa na mdomo mmoja tu wa kulitamka, naye ameufunga mwenyewe.

Akalitamka. "Rwegoshora," alisema, kwenye nyumba tupu. Sauti yake ikamtisha. Aliona wazi kwamba jina lisipotajwa mtoto ataisha, si kule Uganda, bali hapa hapa, mekoni. Akalia, kisu cha kumenyea kikiwa mkononi.

Asubuhi alifukua makaa. Yalikuwa mekundu, mazuri, yamelala vizuri kwenye majivu yao. Alichota maji kwenye mtungi, akasita, akamwomba radhi mama mkwe wake aliyekuwa kaburini, kisha akamwaga. Moshi ukajaa nyumba nzima. Aliongeza maji mpaka hakuna kilicholia tena, akatafuta kigae, akapita migombani.

"Hodi, waitu," alisema mlangoni kwa Kokushubira. "Nimekuja kuomba moto."

Xaveria kuomba moto! Mkaza mwana aliacha kumenya. Kokushubira alimtazama usoni kwa muda, akatazama nguo yake iliyolowa maji na majivu, asiulize kitu. Alichagua kaa zuri, akalipuliza taratibu upande wa pili ili majivu yasimfikie mgeni, akaliweka kwenye kigae.

"Ahsante," alisema Xaveria. "Haya, nakwenda."

Hakwenda. Alisimama mlangoni, nusu ndani nusu nje. Kuku wakaanza kuingia, wajukuu wakawafukuza, mlango ukabaki wazi. Kokushubira naye alisimama, mikono yake ikishikana, amefunga mdomo kama mtu aliyekatazwa, na ni kweli alikuwa amekatazwa. Kaa lilikuwa linaanza kuvaa majivu.

"Bado," alisema Xaveria.

Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

"Bado hajaleta habari," alisema tena, na safari hii sauti ilimkatika.

Kokushubira alikuja, akamtoa kigae mikononi, akakiweka chini kando ya mlango. "Ataleta, Mama Rwegoshora," alisema. "Keti kwanza." Akavuta kiti, akaleta kahawa.

Xaveria alitafuna. Maganda yalimjaa mkononi, hakujua pa kuyaweka, akayaacha yaanguke. Kaa likazimika pale kwenye kigae, wote wawili wakiliona, na hakuna aliyelipuliza.