Shamba Lenye Kamba

Mama alinichorea shamba lake kwa maharage. Ilikuwa jikoni kwake Louisville, anachambua maharage ya kupika, nami nimetoka Columbus kumtembelea kama mtoto mwema, kumbe nina shida zangu. Kikundi chetu cha wasanii Waafrika kilikuwa kimepewa kiwanja nyuma ya jumba moja la maonyesho huko Columbus, kila mmoja wetu afanye kazi ya sanaa juu ya ardhi na asili yake. Mimi ardhi sikuwa nayo. Tulitoka Fizi, Kongo, nikiwa nabebwa mgongoni, nikakulia kambini upande wa Tanzania, na huko hata kwenda chooni kulikuwa na foleni. Nikamwomba mama anieleze shamba lake. Akasogeza maharage mezani kwa kidole: hapa mto, hapa mpaka na shemeji yake mgomvi, hapa mihogo, hapa lengalenga, zile ambazo Watanzania wanaziita mchicha. Nikapiga picha kwa simu kabla hajayatia maharage sufuriani.

Nililichora shamba lile upya kwa mboga. Lengalenga za kijani zikawa ardhi, nyekundu zikawa mto na mipaka. Mbegu nilizipata kwa mama mwenyewe, ambaye alizipata kwa mama mwingine wa kanisani, maana mbegu hizo hupita mkono kwa mkono na hakuna anayekumbuka ni nani aliyezileta Amerika. Nilikuwa nafanya kazi kwenye ghala la mizigo kule Gahanna, karibu na uwanja wa ndege, na kila nikitoka zamu nilipitia kumwagilia. Zikaota vizuri mno. Wenye jumba wakaja wakazungushia kamba nyeupe, wakasimika na kibao cha kukataza watu kugusa. Sikupinga. Niseme ukweli, ile kamba niliipenda. Bila kamba zilikuwa mboga tu. Ilipofungwa, nami nikaanza kujiita msanii bila kukohoa.

Siku ya ufunguzi nilimwalika mama. Nilimwalika yeye peke yake, lakini mama hajui kwenda peke yake mahali pa heshima, kwa hiyo alikuja na korali nzima ya akina mama ndani ya basi dogo la kanisa, wote wamevaa kitenge kimoja. Niliwapokea mlangoni haraka haraka, kwa sababu ndani nilikuwa naitwa nikazungumze. Nikamwambia, "Mama, shamba lako liko huko nyuma. Karibuni." Kisha nikawaacha.

Mtu yeyote wa kwetu angeelewa nilichosema. Ukimwambia mama mtu mzima shamba lako lile pale, karibu, umeshampa. Na mgeni aliyekaribishwa shambani haondoki mikono mitupu. Akiondoka hivyo, aibu ni ya mwenye shamba. Mimi nilisahau kwamba nimeyasema maneno hayo kwa Kiswahili.

Ndani kulikuwa na watu waliovaa vizuri, na sisi wanne mbele yao: Mghana anayefuma, dada mmoja wa Senegali anayechonga, Mkenya anayepiga picha, na mimi. Nyuma yetu kulikuwa na dirisha kubwa la kioo. Zamu yangu ilipofika nikaeleza habari za mama zetu waliong'olewa kwenye ardhi yao, mikono yao iliyokaa na kiu ya udongo miaka yote hii. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi maneno hayo mbele ya kioo cha bafuni. Nilipofika kwenye kiu ya udongo nikaona wageni hawaniangalii tena. Wanaangalia nyuma yangu, na mmoja ameinua simu anapiga video.

Mkenya akaniinamia sikioni. "Boss, nadhani hao wamama wanavuna kazi yako."

Nikageuka. Mama alikuwa katikati ya lengalenga, kitenge amekikaza kiunoni, anachuma. Wenzake wamejipanga kufuata mistari niliyoipanda, kila mmoja na mfuko wake wa plastiki. Hawakung'oa mizizi. Walikata vichwa tu kwa kucha, kama inavyotakiwa lengalenga zinapokaribia kutoa maua. Mama alikuwa anawaonyesha wenzake kwa mkono, na hata bila kumsikia nilijua anasema nini: huku mto, huku kwa yule shemeji. Alikuwa amelitambua shamba lake. Alikuwa anawatembeza kwake.

Siwezi kusema niliona fahari. Ningependa kuandika hivyo, lakini nilichoona ni aibu. Niliona mifuko ya plastiki, niliona ndala, niliona mama mmoja amekaa kwenye kiti cha mlinzi anapanga majani. Nikaona nilivyoonekana mimi.

Tukatoka nje wote, wageni nyuma yangu. Mlinzi alikuwa ameshafika na anapaza sauti. Mkuu wa jumba, mwanamke mpole mwenye miwani, akaniuliza kwa Kiingereza kama watu hawa nawajua. Lilikuwa swali jepesi. Jibu lake lina neno moja tu, na ndilo neno la kwanza kila mtoto analolijua.

Mimi nikamgeukia mama na kumwambia kwa Kiingereza, kwa ile sauti tuliyofundishwa ghalani ya kumtoa nje mtu asiyehusika, "Ma'am, please, you have to step out."

Mama aliniangalia. Mama anafua mashuka hotelini, na Kiingereza chake ni kile cha kujibu wakubwa. Akainua kamba kwa vidole viwili, akapita chini yake na mgongo wake mbovu, akasimama mbele yangu.

"Okay, sir," akasema. "Sorry."

Wenzake wakamfuata mmoja mmoja. Mifuko wakaiweka chini kwenye majani, wakaipanga vizuri kando ya kamba, wakaondoka kuelekea kwenye basi lao. Hakuna aliyeimba, na walikuwa wamekuja kuimba. Jioni wafanyakazi wa jumba wakaitupa ile mifuko yote kwenye pipa la taka. Nilikuwepo. Niliwafungulia mfuniko.

Wiki zilizofuata mama alinipigia kama kawaida. Umekula? Kazi inaendaje? Kule kwenu kuna baridi? Habari ya siku ile hakuigusa hata kwa mbali, na kila alivyozidi kunyamaza ndivyo mimi nilivyozidi kukosa pa kujificha. Nilikuwa nangoja anitukane. Mama zetu wanajua kutukana, na ukishatukanwa mambo yanaisha, mnakula. Hakunitukana.

Nazo lengalenga zikachipua upya. Kila kichwa kilichokatwa kikatoa matawi, shamba likajaa kuliko mwanzo, mto ukazidi kuwa mwekundu. Wageni wakanisifu. Nikasema asante.

Kisha ukaja mwaliko kutoka jumba la maonyesho la Buffalo. Watu wa huko walikuwa wameiona ile video. Walitaka nipande shamba lile kwao, na kwenye ufunguzi mama yangu aje avune mbele ya watu, kama alivyovuna Columbus. Walidhani tulikuwa tumepanga. Waliona kwamba pale ndipo kazi ilipokamilika, alipoingia yule mama. Sikuwasahihisha. Nilisafiri mpaka Louisville ili nimwombe ana kwa ana, nikakaa jikoni palepale.

Aliniwekea ugali na samaki, akaketi upande wa pili na kunitazama nikila. Nikamweleza. Nikamwambia watamlipia safari, atalala pazuri, aje hata na korali.

"Donc, ni kusema wanataka nivune mbele ya batu," akasema.

"Ndiyo, mama. Wanakutaka wewe."

"Hapana. Haiko miye wanamutaka. Wanamutaka ule Ma'am." Akalivuta bakuli la samaki akaniongezea kipande. "Bon. Umuite ule Ma'am, aende. Miye mama yako niko na kazi."

Nikamaliza chakula, kwa sababu kuacha chakula cha mama kungekuwa kosa juu ya kosa. Neno la kuomba msamaha nilikuwa nalo tangu Columbus, lilikuwa limekaa mdomoni pamoja na yule samaki, nikalimeza naye.

Buffalo nilikwenda peke yangu. Niliwaambia mama anaumwa mgongo, jambo ambalo ni kweli. Nikapanda, zikaota, nao wakazungusha kamba yao, wakisema bima ndiyo inayodai. Kila siku pembeni ya ua alipita mama mmoja wa Kongo akienda kituo cha basi, amevaa koti la kiwandani. Alizoea kupunguza mwendo pale penye kamba. Siku moja akasimama kabisa.

"Baba, hizi mboga ziko za nani? Ziko natoka maua. Zinaharibika bule."

"Ni za mama yangu," nikasema.

"Na yeye iko wapi?"

"Louisville. Ana kazi."

Nikashika kamba nikaiinua juu. Nikamwambia, "Karibu, mama, chuma." Wenye mahali wangesema walitakalo. Lakini yeye hakusogea.

"Hapana, baba. Shamba iko ya mama, mutoto hawezi kunipa. Umupigie kwanza, anipe yeye mwenyewe."

Nikapiga. Mama alipopokea nikasema haraka kwamba kuna mtu anataka kuongea naye, nikampa yule mama simu. Wakasalimiana. Wakaulizana kijiji, wakaulizana kanisa, wakampata mtu wanayemfahamu wote wawili. Nilimsikia mama yangu akicheka, kile kicheko chake kirefu ambacho sikuwa nimekisikia tangu asubuhi ile alipoteremka kwenye basi na korali yake. Yule mama akaenda akizunguka na simu sikioni, anaitikia: ndiyo, mto ninauona, ndiyo, upande wa shemeji nimeuona, eh, na mihogo ilikuwa hapa. Kisha akapita chini ya kamba niliyokuwa bado nimeishika, akaanza kuchuma kwa mkono mmoja.

Alichuma mpaka mfuko wake wa chakula cha kazini ukajaa. Akashukuru mara nyingi kwenye simu, akamwombea mama baraka, akaja kunirudishia simu.

Nikaiweka sikioni nikasema, "Mama." Alikuwa ameshakata.