Ubao wa Darajani

Kazini walimwita Bwana Kina, kwa kuwa hakuna mto aliowahi kuuvuka bila kuuliza kina chake. Alikuwa mtaalamu wa maji wa serikali, na ujana wake uliishia ndani ya mabuti ya mpira. Mkewe alizoea kusema ameolewa na mguu mmoja. Wa pili uko mtoni.

Katika vituo vyake vyote alikipenda zaidi cha darajani, juu kidogo ya mtaa wa bondeni. Pale mtoni ulisimama ubao mweupe wenye namba nyeusi na mstari mwekundu. Maji yakiukaribia mstari, watu wa bondeni wahame. Kazi ya kuusoma alimpa shemeji yake, kaka wa mkewe, na ofisini akamdhamini kwa kinywa chake.

"Wanasema damu nzito kuliko maji," dereva wa ofisi alimtania. "Wewe mpimaji, umewahi kuzipima?"

"Shika usukani wako."

Na kweli, kila asubuhi simu ililia kabla chai haijapoa. "Shem, mto umelala. Mita moja na kidogo." Wakaulizana hali za watoto, wakacheka. Sauti ile aliipenda kuliko redio.

Mwaka huo mvua zikaja na fujo. Kituo cha juu kikasema maji mengi yanashuka. Shemeji naye akapiga: mto umelala. Bwana Kina hakumshuku. Mtu huushuku mto kwanza, ndugu baadaye. Akadhani ubao umepinda, akaingia garini.

Nyumba ya shemeji ilikuwa njiani, na huwezi kupita kwa ndugu kama mgeni.

"Karibu, shem, kaa," shemeji akamsogezea benchi.

Akakaa. Kiganja chake kikatua kando ya paja, juu ya namba nane. Akainuka polepole, kama mtu aliyekalia mtoto. Pale alipokuwa amekaa palikuwa na mstari mwekundu.

"Benchi hili umelitoa wapi?"

Shemeji akatazama vidole vya miguu yake. "Ubao ulisombwa na mvua za mwaka jana. Nikauokota kule chini. Nikasema nitakwambia."

"Na hiyo mita moja na kidogo?"

"Nilikuwa nakadiria. Mto unaonekana kutoka dirishani."

"Mwaka mzima, shemeji?"

"Ungeniachisha kazi. Dada naye angekosa amani."

"Bondeni wanalala kwa neno langu. Kumbe neno lenyewe lilikuwa dirisha lako."

Dereva alikuwa ameshawasha gari.

Darajani hawakuhitaji ubao. Maji yalikuwa yameshapita alama za misumari yake kwenye nguzo, yakipanda. Bwana Kina akapiga simu kila alikoweza, na watu wakatoka bondeni na magodoro kichwani. Jioni mto uliingia majumbani, ukakuta vyumba vitupu. Shemeji alibeba wazee mgongoni mpaka akaishiwa nguvu. Bwana Kina alimwona, akageuza uso.

Nyumbani mkewe akauliza, "Kaka hajambo?"

"Hajambo. Kazi hana tena."

Siku hizi anayesoma ubao mpya ni mama mmoja muuza mboga, mtu makini sana. Simu yake ikiingia, Bwana Kina humuuliza hata kabla ya salamu:

"Umesimama au umekaa?"

"Nimesimama, mzee, niko darajani. Kwani vipi?"

"Hamna kitu. Nisomee."

Huandika namba, humshukuru, kisha humwomba dereva awashe gari wakaangalie.